Kigoda cha Mzee Gervas

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimefagia, nimefuta meza. Makumbusho yetu hapa Mpanda ni chumba kimoja tu, lakini vumbi lake la nyumba nzima. Kaja mzungu na kamera. Alitaka picha ya kigoda cha kitemi alichotuazima Mzee Gervas wa Majimoto. Akaniomba nikikalie, ukubwa wake uonekane. Nikakaa, meno yote nje. Hukaliwa na mrithi wa utemi peke yake, najua, wageni nawaambia mwenyewe kila siku. Ah, picha tu.

Alhamisi, 5 Desemba
Mkuu wangu katoka Dar na kalenda ya mwaka mpya. Mwezi wa tatu ni mimi, juu ya kigoda. Chini imeandikwa: haki zote ni za mpiga picha. Jina lake lipo. La Mzee Gervas halipo. Nimeona aibu kama nimevuliwa nguo sokoni.

Ijumaa, 6 Desemba
Nimemwomba mkuu azuie kalenda zisiuzwe. Hawezi. Anasema picha ni ya aliyebonyeza kamera, na mlangoni hakupewa sharti lolote. Mlangoni nilikuwepo mimi. Mjinga mkubwa.

Jumamosi, 14 Desemba
Kalenda imefika Majimoto, imetundikwa dukani. Mzee alikuwa amsimike kijana wa kaka yake juu ya kigoda hicho mwezi ujao. Sasa ukoo umegoma: kigoda kimekaliwa na mwanamke wa watu. Sijala. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumanne, 17 Desemba
Mzee Gervas amekuja. Nilimwamkia kwa magoti. Hakugomba. Afadhali angenitukana.

Aliuliza moja tu: "Mwanangu, kigoda changu, kukaa umekaa wewe. Sasa yeye picha inakuwaje yake?"

Nikamjibu ndivyo sheria ilivyo. Akaguna. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukifunga kigoda aondoke nacho.

"Kiache hapo hapo," akasema. "Hicho sasa cha picha. Sisi tutachonga kingine."

Nilimpa chai. Alikunywa yote, akashukuru, akaenda kutafuta lori la kurudi. Sikuweza kumtazama usoni.

Mkuu amefurahi sana. Eti kigoda sasa ni chetu moja kwa moja, hatuazimi tena. Kanipa hongera mbele ya wenzangu. Nimeitikia asante.