Tablette Mupya kwa Jephté

Vulamba, Butembo, tarehe 9 juin 2024

Yaya Berthe, dada yangu mupendwa,

Wavukire. Natumaini barua hii itakukuta muzima, wewe na papa Bénite na batoto bote. Kule Beu muko na usalama? Munalala usingizi? Huku kwetu tuko, Mungu anasaidia. Mbusa, papa Jephté, bado iko Mutwanga ku kakao ya mukubwa wake, anakusalimu. Mafuta ya mawese tulipata, wasingya, aksanti sana. Bidon ilifika imejaa, inaonekana dereva Kakule ameokoka.

Nakuandikia juu ku telefone kila saa nakukuta na mukiriya anataka kununua, unaniambia "sema mbio, sema mbio", na hii neno hapana ya mbio.

Ni juu ya tablette ya Jephté, ile Madame Hulda wa centre ya batoto alitupatia, kisha malaria ya kichwa kumubeba mutoto sauti. Sasa ana miaka sita. Anasikia yote, anaelewa yote, mais kinywa haitoshe neno. Unajua vile tunafanyaka: ndani kuko picha. Akigusa sahani, inasema na sauti yangu: "Mama, nasikia njaa." Akigusa moto, ile pikipiki, ni sauti ya Mbusa: "Papa anakuya!" Hata wewe uko ndani. Maneno hiyo yote tuliingiza kidogo kidogo. Mvua ikipiga mabati tunanyamaza, tunangojea ikatike, njo tunarudilia neno.

Sasa imechoka. Batterie inazimika mbele ya saa sita. Kioo imepasuka, na kule chini, penye picha ya choo iko, ukigusa haisikie. Unaona matata! Juzi mu misa Jephté ananivuta, anagusa, haisikie, anagusa tena. Mwisho akakasirika, akagusa moto. Sauti ya Mbusa ikatoka mu kanisa yote wakati padri ananyamaza: "Papa anakuya!" Batu bakageuka kuangalia mulango. Nilicheka mupaka machozi. Mais choo haikungojea Papa.

Sasa sikia neno yenyewe. Directeur wa masomo ya hapa karibu alisema atamupokea Jephté mu première, darasa ya kwanza, mwezi wa tisa, kama siku ya kumupima atajibu mwalimu. Nikamuuliza, na akijibu na tablette? Akasema jibu ni jibu. Yaya, nilitoka pale napiga kigelegele mu barabara kama mama wa bibi-arusi. Donc tablette hii ifike mwezi wa tisa. Mbusa anasema tutengeneze. Fundi anasema ninunue mupya, bipande bya hii habipatikane tena. Wewe unajua kununua kuliko sisi bote. Ninunue mupya, ao tubakie na hii?

Mudogo wako,
Falonne, mama Jephté


Beu, Beni, 17 juin 2024

Mudogo wangu Falonne,

Salamu mingi. Tuko hapa, magoti tu njo inanisumbua. Wiki jana tulisikia risasi mbali, kesho yake soko ikafunguka, nikauza. Jephté anakula muzuri? Na wewe, unakula, ao unamumwangia yote ku sahani yake vile nakujua?

Barua yako nilisoma ku kibanda, nikacheka na ile ya kanisa mupaka mukiriya akaniambia, "Mama, nirudi kesho?" Mais Falonne, unauliza nini tena? Mupya! Mutoto wa famille yetu aingie masomo na kitu ya kupasuka kama sahani ya imbwa? Batamucheka mara mbili, juu ya kinywa na juu ya kioo. Na huyo Mbusa na kutengeneza kwake! Si ni yeye alishona kandambili na waya ya kuku?

Niachie. Niko na mutu anatosha bitu Kampala. Na ile ya zamani itashuka kwa Bénite wangu, vile kwetu tunafanyaka. Biatu byangu bilishuka kwako, byako bikashuka kwa mudogo wetu Vagheni. Mupya ikiingia, ya zamani haibakie kukaa bure, inashuka. Bénite anaililia, anataka michezo.

Na nikuambie kweli, sababu mimi ni mukubwa wako. Sauti ya mutoto itarudi siku Mungu anapenda. Picha zinasaidia, sikatae. Mais usitie roho yako yote ndani ya mashini.

Yaya wako,
Berthe


Vulamba, 28 juin 2024

Yaya mupendwa,

Salamu, na pole na magoti. Chemsha majani ya eucalyptus, ukande. Huku tuko bazima.

Nilikwenda kumuuliza Madame Hulda mbele ya kufanya kitu. Nilimukuta anafunga valizi, anakwenda Kisangani ku formation, mafunzo ya kazi yake, mupaka mwisho wa mwezi wa saba. Alinieleza pale pale ku mulango: programme yetu ni ya zamani, tablette za sasa zinaikataa. Donc ukinunua mupya, picha haiingie yenyewe. Lazima yeye akae na zote mbili, atoshe sauti moja moja mu ya zamani, aziingize mu programme ingine. Akaniambia, "Mama Jephté, nikiwa sijarudi, usiguse."

Kisha fundi akatia batterie ya kutoka mu ingine yenye kufa, na sasa inashinda mupaka jioni. Na mimi mwenyewe, Yaya, mimi wa cinquième primaire, darasa ya tano tu, nikafinya-finya mupaka nikahamisha picha ya choo juu, pale kioo inasikia! Jephté akaijaribu mara mingi bila haja, anataka tu kuona niko nakimbia.

Anakuwa mujanja. Jana nilimukatalia sukari, akagusa "Mama", akagusa "mbaya", akaniangalia. Nikamupa sukari, juu ni mara ya kwanza mwanangu ananitukana. Na picha yako anaigusa kila asubui, ile ulisema ndani "Ni mimi Mama mukubwa wa Beni, nani alikula samaki yangu?" Anacheka mupaka anaanguka.

Basi nimekata neno. Mupya ni muzuri, inang'aa, inaenda mbio. Mais Jephté hana haraka, anatafuta maneno yake tu. Tubakie na hii mupaka Madame Hulda arudi, pengine hata mwaka muzima. Usinunue kwanza, Yaya. Roho yako nimeiona, wasingya kutsibu.

Mudogo wako,
Falonne


Beu, 29 juin 2024

Falonne,

Salamu kwenu bote. Naandika nasimama, Kakule anapiga klaxon. Tangu barua yangu hujajibu, nikasema mudogo wangu anaogopa kuniomba. Basi njo hii hapa, mupya, bado iko mu karatasi yake! Ile mutu wangu aliipata mbele ya siku. Jephté avae shati safi, umupige nayo foto.

Nilimuambia Kakule asirudi mikono mitupu, umupatie ile ya zamani. Bénite ameisha kukaa ku mulango, hata kula bukari anakataa.

Yaya wako mwenye kukupenda,
Berthe


Vulamba, 30 juin 2024

Yaya Berthe,

Salamu. Naandika mbio, gari inawaka.

Barua yangu na yako zimepishana mu barabara. Yangu utaikuta, Kakule aliisahau mu mufuko, njo anakupelekea pamoja na hii. Naomba usome zote mbili mbele ya kufanya kitu yoyote.

Kitu ya mukubwa haikataliwe. Mama-mukwe wangu alikuwa pale, na bajirani bamejaa ku lupango ya nyumba yetu, bote banasema "Oh, ni muzuri kuwa na dada!" Ningemurudisha Kakule na kitu yako namna gani? Nimemupa ile ya zamani. Jephté alimushika Kakule suruali, tukamufungua vidole na nguvu. Mupya alipewa, akaangalia ndani, akaona uso wake tu, akanirudishia.

Yaya, nakuomba na magoti. Bénite acheze, mais kusifutwe kitu ndani. Hata neno moja. Madame Hulda akirudi nitapanda gari nikuye nayo siku moja tu, tutoshe sauti, kisha itakuwa ya Bénite kabisa. Sauti zote za Jephté ziko mule. Hakuna pahali pengine.

Mudogo wako,
Falonne


Vulamba, 21 juillet 2024

Yaya,

Muko bazima? Nilituma salamu na batu babili, sikupata jibu. Telefone yako inaita, haipokelewe. Nikasema pengine kuko matata, mais Kakule anasema alikuona ku soko muzima.

Jephté ameanza kuuma. Akitaka kitu ananivuta mukono pahali tablette ilikuwaka inalala, ananionyesha meza. Nikikosea kitu anataka, ananiuma, kisha analia yeye.

Niambie tu iko vile ilikuwa. Neno moja inatosha.

Mudogo wako


Beu, 5 août 2024

Mudogo wangu Falonne,

Salamu. Natumaini mutoto iko muzima. Magoti inapona. Niliona aibu kupokea telefone, njo naandika.

Sitakudanganya. Barua zako mbili nilisoma siku ile ile. Siku za kwanza niliiacha vile. Mais Bénite alibakia na zile picha kutoka asubui mupaka jioni. Michezo hapana, ni picha tu. Akitaka mayi, anagusa, na sauti yako inaniomba mayi mu nyumba yangu. Namuita, anagusa. Nikamuuliza, "Bénite, kinywa yako iko wapi?" Akagusa. Siku mbili hakunisemesha na kinywa yake! Papa yake alicheka, anasema ni muchezo. Mimi sikucheka. Niko na binti moja tu, Falonne.

Na wewe unajua vile tulifundishwa hapa Beni wakati wa Ebola. Kitu ya mugonjwa haiingie kwa batu bazima mbele ya kuosha. Godoro ya shangazi yetu si baliichoma mbele ya macho yetu? Nilipanguza tablette na mayi ya chlore, inje yote. Ndani nikamupa fundi, nikamuambia afute. Akaniuliza, "Yote, Mama?" Nikamuambia yote.

Kesho yake Bénite akasema.

Sikufanya kwa ubaya. Mimi pia ni mama. Unipangie siku, nitakuya Butembo niingize sauti yangu tena mu mupya, niimbe hata nyimbo. Bitu binarudilika.

Yaya wako,
Berthe


Vulamba, 10 septembre 2024

Yaya Berthe,

Salamu kwa papa Bénite na batoto. Huku tuko.

Nilikaa na barua yako siku mingi. Mbusa alipokuya kutoka Mutwanga nilimusomea. Akasema tu, "Mugonjwa?" kisha akatoka kukata kuni, na kuni zilikuwako.

Madame Hulda alirudi. Alipiga telefone kwa fundi wako mwenyewe. Hakuna kitu ya kurudisha. Alitutilia programme ingine mu mupya, mais ile ilikuya na sauti yake, ya mwanamuke anasema français ya Ulaya. "Maman, j'ai faim", njo ile "Mama, nasikia njaa" yetu. Jephté aligeuza tablette nyuma kutafuta huyo mama iko wapi. Tulianza kutia zetu upya. Mbusa alisema "Papa anakuya" mara mingi, haikuwa sawa. Ile ya kwanza alikuwa ametoka kazini, anacheka. Sasa anasema kama mutu iko mbele ya polisi.

Na masomo yakafunguka. Nilimuvalisha shati safi. Mwalimu alikuwa muzuri, anasema polepole. Akamuuliza jina, Jephté akaigusa, ikasema. Akamuuliza, "Ulikuya na nani?" Picha yangu mu mupya haiko pahali yake ya zamani. Kidole yake ikaenda pale ilizoea, ikasema, "Nasikia njaa." Batoto bakacheka. Akarudilia pale pale, na nguvu, "Nasikia njaa, nasikia njaa", ananiangalia mimi, anaonyesha mimi. Mimi nilijua anasema Mama. Directeur akaandika mwaka kesho.

Yaya, sikuandike juu ya mashini. Mashini ni wewe uliinunua na jasho yako, na ni muzuri, kweli inaenda mbio. Mutoto wangu hapana mugonjwa. Malaria iliisha, ilibeba kitu yake ikaenda. Haiambukize. Bénite alinyamaza siku mbili juu alimupenda ndugu yake, alitaka kusema kama yeye. Mimi ningekuwa pale ningecheka na papa yake.

Unataka kukuya kutia sauti. Kuya, nyumba ni yako, hata leo Jephté anakutafuta mu picha zote. Mais ukuye na Bénite. Bakae mu mukeka moja, bakule mu sahani moja, mukono na mukono, vile mimi na wewe tulikula. Nataka mwanangu aone. Kama Bénite anakuya, hii neno imeisha, sitairudilia tena. Kakule anapanda kwenu jumamosi, anarudi jumapili. Nitapika sombe na samaki.

Mudogo wako,
Falonne, mama Jephté


Beu, 15 septembre 2024

Mudogo wangu mupendwa,

Salamu nyingi sana kwa wewe, Mbusa na Jephté. Tuko bazima bote, usihangaike.

Barua yako ilinigusa. Nitakuya, ni ahadi, mais nitakuya mimi peke yangu, pengine mbele ya Noël. Barabara haieleweke siku hizi, na Bénite ameanza masomo, kumutosha si muzuri. Tena ana mafua kidogo. Hiyo ya sahani ni mambo ya batoto, Falonne, tusiifanye kubwa.

Yeye anauliza Jephté kila siku. Asubui hii alikuwa ameisha kuvaa biatu. Nilimuvua.

Nimemupa Kakule biskuti mbili, moja ni ya Jephté, ingine uilinde ya wageni. Samaki usipike bure.

Unijibu.

Yaya wako,
Berthe