Kamba za Mama na Bega la Mume Wangu

Jumamosi. Mvua tangu asubuhi, ile mvua yetu ya Bukavu isiyo na haraka, na kutoka mlangoni ziwa halionekani kabisa. Mikono yangu inanuka mafuta ya mashine. Nimefurahi kiasi kwamba naogopa kidogo.

Nimeolewa miezi miwili tu. Bado napenda kuandika maneno haya mawili, mume wangu, na nikimaliza kuyaandika nayasoma tena. Anaitwa Mugisho. Anapocheka hufunika uso kwa mkono, kama mtu aliyekutwa akiiba sukari.

Kesho ni misa ya shukrani ya wazazi wake, kwa miaka yao ya ndoa. Watoto wote wa nyumba yao ya mtaa wa Nguba, na sisi tuliooana nao, tutavaa kikwembe kimoja, kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Gauni langu lilishonwa mapema. Shati la Mugisho lilikuwa kwa fundi wake wa siku zote. Na Mugisho ndiye kifungua mimba. Ndiye atakayetembea mbele na wazazi wakati wa kupeleka matoleo, kanisa zima likimtazama.

Saa nne asubuhi akarudi amelowa, na kitambaa mkononi. Kilikuwa hakijakatwa hata kidogo.

"Fundi anasema nirudie mardi," akaniambia, yaani Jumanne. "Nikamuambia, papa, misa iko kesho. Akanijibu, basi uombee mashine, yeye njo iko mugonjwa, hapana miye."

Alicheka, lakini hakufunika uso. Nikajua ameumia.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Toa televisheni juu ya ile meza."

Shajara yangu, hapa lazima nieleze. Kile tunachokiita meza kilikuja na vyombo vyangu vya harusi, pamoja na sufuria, ndoo na godoro. Mama alikifunika kitambaa cha kufuma na hakusema neno. Ndugu zake Mugisho walikibeba wakilalamika kwamba hii meza ni nzito kama vile kuna mtu amejificha ndani, wakaiweka sebuleni, wakaweka televisheni juu. Nami nilinyamaza. Miezi miwili nilikuwa nikipangusa vumbi juu yake na kunyamaza.

Niliinua ubao, nikaingiza mkono, nikavuta. Kichwa cha mashine ya mama kikapanda, cheusi, kinang'aa, na sindano yake mahali pake.

Mugisho aliizunguka, akachungulia chini ya ubao.

"Faida," akasema polepole, "tangu wakati gani meza yetu iko na mimba?"

Nilicheka mpaka machozi. Halafu akauliza swali ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu tulipoanza kupendana.

"Na weye, nani alikufundisha?"

Ningeweza kusema mama tu, na ingekuwa kweli nusu. Lakini miguu yangu ilikuwa tayari juu ya pedali, na sijui kwa nini, juu ya pedali ile sikuweza kudanganya.

"Mama," nikasema. "Na masomo. Nilisoma coupe-couture, kukata na kushona, mpaka diplome."

"Na ile biochimie?"

"Hakuna biochimie, sheri. Haikuwako hata siku moja."

Nimeandika. Sasa iko hapa.

Siku familia yake ilipokuja kwetu Kadutu kujitambulisha, mama yake aliniuliza kwa upole kabisa nilisoma sehemu gani, yaani masomo gani sekondari. Dada zake Mugisho wako chuo kikuu. Mimi nilikumbuka jinsi wasichana wa masomo mengine walivyokuwa wakituita sisi wa kushona vichwa vya uzi, nikajibu, biochimie. Ilitoka laini kama siagi. Na mama yangu, ambaye sindano yake ndiyo iliyonisomesha, alikuwa amekaa palepale kando yangu. Hakunitazama. Alitazama mikono yake.

Hilo ndilo linaloniuma. Si uongo peke yake. Ni ile mikono.

Mugisho aliiacha mashine, akanigeukia. "Njo maana Nadège alipoleta devoir yake ya chimie ukasema kichwa kinakuuma," akasema. Nadège ni mdogo wake, bado yuko sekondari, na siku ile alitaka nimsaidie kazi ya kemia.

"Kweli kiliuma."

"Nimeambia watu wote ya kazi, ku bureau, bibi yangu ni mutu ya biochimie." Akatoka barazani, akasimama akitazama mvua.

Nilibaki peke yangu na mashine. Niliipa mikono kazi. Nikafungua droo kutafuta metre ya kumpimia. Hakukuwa na metre. Kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake, kamba za mama.

Mama yangu hakusoma. Namba za metre hazimwambii kitu. Kwa hiyo kila mtu anayemshonea humpima kwa kamba yake mwenyewe: fundo moja, hapo ndipo mabega yanapoishia, mafundo mawili yaliyoshikana, urefu wa nguo, matatu, kifua. Na kwenye ncha hufunga kipande kidogo cha kitambaa cha kwanza alichomshonea mtu huyo. Hilo ndilo jina. Nilipokuwa sekondari na metre yangu mpya shingoni, nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya kishamba. Alisema, "Sawa, mwalimu," akaendelea kufunga mafundo.

Nilimwaga kamba zote juu ya ubao. Nilizitambua moja moja kwa vitambaa vyake. Jirani yetu muuza majani ya sombe, mwenye maua mekundu. Mchungaji, mwenye mistari. Halafu nikaona kipande cha rangi ya chai.

Baba.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Katika kichwa changu yeye ni mtu mpana kama mlango. Akisimama mbele ya taa, nyumba inakuwa giza. Nilivuta kamba yake, nikainyoosha juu ya ubao mpaka fundo la kwanza. Nikaweka mikono yangu miwili, mmoja huku, mwingine kule. Nilikuwa nimeshika mabega ya baba yangu.

Yalikuwa madogo. Baba alikuwa mtu mwembamba, karibu sawa na mimi. Mtu mwembamba vile alitubeba sote.

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua kwamba hakuna picha iliyowahi kunifanyia hivyo. Picha unaitazama. Kamba unaishika, na mtu yuko kati ya mikono yako, kwa kipimo chake halisi, na mama alimweka pale kwa vidole vyake bila kujua kuandika hata herufi moja. Na mimi niliona aibu kwa ajili ya kazi hii.

Mugisho aliporudi ndani nilikuwa nimekata kamba mpya.

"Simama," nikamwambia.

"Bado niko na hasira kidogo."

"Hata mwenye hasira anapimwa. Nyoosha mukono."

Akanyoosha. Nikapita nyuma yake, nikaweka kamba mgongoni, bega hadi bega, na vidole vyangu vikaona kitu ambacho macho hayakuwa yameona. Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Kidogo tu, unene wa kidole. Nikapima tena. Ni hivyo.

"Shati zako zote zinavutaka huku?" nikauliza.

"Zote. Fundi anasemaka ni sababu sisimamake vizuri."

"Unasimamaka vizuri. Ni bega yako iko chini."

Aligeuka kunitazama kana kwamba nimemtajia jina lake la siri. Miezi miwili nimelaza kichwa juu ya bega hilo hilo, na leo ndiyo nimelijua. Nilifikiri kupenda ni kumjua mtu. Kumbe mtu ni nchi, na mimi bado niko mpakani. Nimeandika mambo ya kimapenzi tena, najua. Niache.

Kukata ndiko kulikonitisha. Kitambaa kilikuwa kimoja, dukani kimeisha, na miaka sita sikuwa nimeshika mkasi. Nilitandika sakafuni, nikachora kwa chaki, nikafuta, nikachora tena. Nilikuwa nimeshaingiza mkasi sentimeta mbili kwenye kipande cha mgongo nilipoona kwamba ndege wote wanatazama chini. Mume wangu angetembea mbele ya altare na ndege wanaoanguka mgongoni. Nikageuza. Zile sentimeta mbili nilizificha kwenye pindo. Hapo nilimsikia mama kichwani: angalia ndege kwanza, mtoto, kisha angalia mutu.

Halafu nikakanyaga pedali.

Ile sauti. Nililala kwa sauti ile utoto wangu wote, mchana wa mvua, chini ya meza hii hii, juu ya vipande vya nguo za watu. Mwili wangu haukuwa umesahau chochote. Mguu ulijua, kidole kilijua wapi pa kusukuma na wapi pa kuacha. Ni kichwa tu kilichokuwa kimekataa.

Saa kumi na moja jioni Mugisho alivaa. Kola imekaa, bega la kushoto limeshonwa kwa kipimo chake, na hakuna kinachovuta popote. Aliinua mikono yote miwili, akaishusha, akaiinua tena. Halafu akafunika uso kwa mkono na kucheka, akachukua simu, akampigia mama yangu.

"Maman, binti yako alinidanganya," akasema. "Lakini amenishonea shati."

Nikasikia sauti ya mama, ndogo: "Alipima na kamba ao na metre?"

"Na kamba."

"Basi itakukaa," mama akasema.

Sasa shati limetundikwa mlangoni. Mugisho anachemsha chai na ananiita mtu wa biochimie kila baada ya dakika mbili, kwa hiyo naona nimesamehewa. Lakini ameniambia wazi: "Kwa mama yangu, mi sitasema. Ni weye." Ana haki.

Kesho baada ya misa wote watakula Nguba, na mama yangu amealikwa. Mama mkwe atauliza nani ameshona, kwa sababu yeye huuliza kila kitu. Ningependa kumvuta pembeni, jikoni, nimwambie polepole. Lakini ule uongo sikuusema jikoni. Niliusema mbele ya watu, mama akisikia. Basi nitamketisha mama kando yangu, na nitasema kabla sahani hazijaletwa, wakati wote bado wanasikiliza.

Sijui nitaanza na neno gani. Labda nitaanza na jina la mama yangu, aliyenifundisha.