Aliyeniitikia Ukunguni

Mjukuu wangu Tupokigwe,

Ugonile, mama. Huku Ikombe tu wazima. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na vyungu vya safari hii havikupasuka motoni.

Umeniuliza kama unaumwa, maana ukifanya mazoezi ya opera peke yako kwenye ukumbi mtupu huko Ulaya, ukinyamaza, sauti nyingine huendelea. Sasa unataka kuacha kazi iliyokupa jina duniani.

Nilipokuwa msichana, mimi na mama tulikuwa tunapeleka vyungu sokoni Matema kwa mtumbwi. Asubuhi moja ukungu ukatufunika ziwani, hata maji hatukuyaona. Nikaimba kujipa moyo. Niliponyamaza, mwanamke akaudaka wimbo wangu mbele yetu, kwa sauti kama yangu.

"Mama, nani yule?"

"Usimwulize jina. Imba naye."

Nikaimba naye. Mama akapiga kasia kuifuata ile sauti mpaka mtumbwi ukagusa mchanga. Ufukweni hapakuwa na mtu, wala nyayo.

Hofu haikuniacha, lakini wimbo nao haukuniacha.

Ile rekodi uliyotuma nimeisikiliza. Unasema uliimba peke yako. Mimi nimesikia wawili, mama, na yule wa pili ninamfahamu. Imba naye.

Bibi yako