Njia Isiyofungwa

Nyumba ya Juu,
Innerlahn, Tirol.
14 Desemba

Mpendwa kaka Vinzenz,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na shemeji Lourdes na wanao wote. Goti lako vipi? Mara ya mwisho uliniambia daktari anataka kulipasua, nami nimekuwa nikimwombea huyo daktari mkono mwepesi kila Jumapili. Na joto la huko Brazil linawatendaje mwezi huu? Sisi huku tunavaa soksi mbili mbili na ng'ombe wameshaingia zizini. Kahawa mliyotuma ilifika, ni nzuri kupita kiasi, na nimeificha nyuma ya unga.

Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa. Ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu, maana nikisikia sauti yako nitalia, nawe utasema "tulia, Burgl," na mimi sitaki kutulizwa.

Nianze na theluji, kwa kuwa najua ndiyo unayoitafuta kwanza katika barua zangu. Mwaka huu imeanza vibaya. Ilianguka mapema Oktoba, ikabaki upande wa kaskazini tu, kule jua lisikofika. Kisha Novemba karibu yote mbingu ikawa safi na baridi kavu. Unajua linalofuata. Ile theluji ya chini imegeuka sukari, ukiichota inamiminika katikati ya vidole, haishikani na chochote. Halafu karibu na sikukuu ya Mtakatifu Katarina ukaja upepo na theluji mpya, ukaibandika juu ya sukari hiyo kama ubao. Ukikanyaga unasikia ule mngurumo chini ya miguu. Redio ilisema hatari ni daraja la tatu kati ya matano, miteremko ya kaskazini, juu ya pale miti inapoishia.

Nakueleza haya ili ujue kwamba niliyajua. Usije ukasikia kwa mwingine kwamba dada yako amezeeka na hasikilizi redio.

Wally yuko hospitalini. Usishtuke, binti yangu yu hai, anakula, anagombana na wauguzi. Paja lake la kushoto limevunjika, mbavu pia, lakini kichwa ni kizima. Alizikwa na poromoko la theluji kule kwenye mteremko wa Hennenkar, nami nilikuwa nyuma yake, na ni mimi niliyemfukua.

Ilikuwa hivi. Alikuja likizo, akataka tupande naye kwa skii kama zamani baba yake alipokuwa hai. Nikamwambia tutapanda hadi mwisho wa msitu, tule mkate wetu, tuteleze chini kati ya miti, basi. Tulikaguana vizuri, vifaa vya kutafutana vikiwa kifuani, vyote vinalia, makoleo mgongoni. Tulipotoka msituni nikaona alama za skii zimetangulia mbele yetu, mpya kabisa, zinakata moja kwa moja kuingia Hennenkar. Nikazitambua papo hapo. Unamkumbuka mdogo wetu Korbinian anavyopiga kona? Ile fimbo ya kulia anayoichomeka mara mbili, kama mtu anayebisha hodi? Ni yeye mtupu.

Wally akasema, "Mama, mjomba ameshapita! Twende basi, kwani theluji inajua kuwaogopa wanaume tu?"

Nikatazama mbele. Hakukuwa na matawi.

Kaka, wewe huhitaji nikueleze. Baba alitufundisha hilo kabla ya kusoma na kuandika. Ukigeuka, unafunga njia. Matawi mawili ya msonobari, moja juu ya jingine, kwenye alama zako mwenyewe, ili anayekuja nyuma ajue ulirudi. Unakumbuka ulivyosahau siku ile ya Mtakatifu Stefano, ukarudi nyumbani, ukavua viatu, ukakaa mbele ya madonge yako ya nyama ya moshi, na Baba akakunyanyua mezani akakurudisha mlimani kwenda kufunga? Ulilia njia nzima. Korbinian alikuwa mtoto wa miaka sita, akacheka mpaka akapaliwa. Kwa hiyo alikuwepo. Aliona. Hawezi kusema hakufundishwa.

Njia isiyo na matawi maana yake ni nimepita salama, njoo. Katika nyumba yetu ndivyo ilivyo. Basi masikio yangu yalisikia redio, miguu yangu ilisikia mngurumo, na mimi nikaamini njia ya ndugu yangu kuliko miguu yangu.

Ubao ulikatika juu ya Wally kwa sauti kama shuka linalochanwa. Nilimwona akigeuza uso kunitafuta, halafu sikumwona. Sitaandika zaidi kuhusu hapo. Nilimtafuta kwa kifaa, kikalia, nikachoma theluji kwa ufito nikagusa kitu laini, nikachimba mpaka nikaona koti jekundu. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Nilimtukana aamke, kaka, matusi ambayo Mama angenisugua mdomo kwa sabuni, naye akakohoa.

Nilipokuwa nimemkumbatia tukisubiri helikopta, nikainua macho. Karibu na lile jabali kubwa kipande cha theluji kilikuwa kimebaki, na alama za Korbinian zilikuwa bado juu yake. Ziliishia kwenye shimo. Shimo la kupimia theluji, la mraba, limekatwa kwa koleo sawasawa, jinsi anavyowafundisha watu kila mwaka. Mbele ya shimo, hakuna kitu. Alichimba, akaiona sukari kwa macho yake, akageuka akashukia upande wa pili wa msitu, akaenda zake nyumbani.

Na nani aliyeshuka kutoka kwenye helikopta? Mkuu wa kikosi cha uokoaji, mdogo wetu Korbinian, baba wa ubatizo wa Wally. Alipiga magoti kando yake, akamfunga mguu kwa mikono mizuri kweli, sitamnyima haki yake. Kisha akanigeukia mbele ya vijana wake wote akasema, "Dada, nani alikwambia umpandishe mtoto huku?"

Nilidhani amechanganyikiwa kwa hofu. Nilimwonea huruma! Mimi, kaka, nilimwonea huruma.

Kesho yake alikuja jikoni kwangu kunywa kahawa, kama anavyokuja kila asubuhi kwa ule ujia wake wa theluji kutoka nyumba ya chini. Nikamwambia, "Uligeuka."

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Niligeuka."

"Na hukufunga."

"Burgl, nilishajigamba kwa Gruber mwenye mkahawa, mbele ya wateja wake wote, kwamba mwaka huu tena Hennenkar naifungua mimi, wa kwanza kupita. Ningeweka matawi pale, wangenicheka mpaka Pasaka. Nikasema, na hatari hii yote, nani atapanda?"

"Mimi nilipanda. Niliona kona zako."

Akaanza kulia. Akasema watu wakijua ataachia kikosi, na jina la Baba litaburutwa kila mkahawa wa bonde hili. Nikamwambia bonde silijali, wala kwa Gruber sijawahi kula bure. Mtu mmoja tu ndiye ninayetaka aambiwe. Wally hakuwa amenishika mkono tangu aamke. Alikuwa akinitazama kama mgeni aliyekosea wodi, na mara moja tu aliniuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia turudi?" Sikuwa na jibu ambalo si jina la mjomba wake. Nilitaka alisikie kwa huyo mjomba mwenyewe, kwa sababu anampenda, na kwa sababu nilitaka mdogo wangu apate nafasi ya kuwa mtu.

"Nitamwambia," akasema. "Nipe muda kidogo tu, dada yangu."

Nikampa. Nilimlea, Vinzenz. Mama alipokuwa kitandani ni mimi niliyembeba mgongoni kwenda kukamua. Nilimkingia kifua kwa Baba mara ngapi? Nikampa muda.

Wiki ile ya Mtakatifu Nikolaus akafanya mafunzo yake ya kila Desemba pale ukumbi wa zimamoto. Nilienda, nikakaa nyuma. Nilijiambia labda ndipo atakaposema. Akachukua chaki akachora Hennenkar, msitu, jabali na ule mteremko.

"Haya," akasema. "Hapa mama mmoja, mwenyeji kabisa, alimpandisha binti yake. Kosa lake la kwanza?"

"Hakusikiliza taarifa," akajibu kijana mmoja.

"La pili?"

"Alifuata alama za mtu bila kutumia akili yake."

"Safi sana," akasema mdogo wetu, kwa uso mkavu. "Andikeni hilo. Alama za theluji hazina mwenyewe."

Hazina mwenyewe! Na shimo lake alikuwa ameliacha lisichorwe. Mke wa Gruber aligeuka akanitazama kwa huruma, akanipapasa goti kama mtu anayempapasa mgonjwa. Nikajua kwamba bonde zima limeshaambiwa, na aliyewaambia ni nani. Amenitoa kafara, kaka, na chaki mkononi.

Bado nikamfuata nje. Nikamwambia, "Jumapili ya pili ya Majilio. Ukimaliza hiyo Jumapili hujamwambia Wally, namwambia mimi."

Akasema, "Naapa kwa kaburi la Mama."

Jumapili tulienda hospitalini pamoja. Nikakaa kwenye korido, yeye akaingia na machungwa yake. Walikaa muda mrefu. Nilimsikia Wally analia. Korbinian akatoka, macho mekundu, akanishika bega. "Nimemwambia," akasema. Nilimshukuru. Nilimbusu shavuni mbele ya watu, nikaingia ndani na kitu kama mwamba kimetoka kifuani.

Wally akanyoosha mkono akaushika wangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama, mjomba ameniambia kila kitu."

"Ameniambia uliona kabisa kwamba alama zinageuka pale," akaendelea. "Amesema tangu baba afariki umekuwa hivyo, unataka kunifurahisha mpaka unasahau. Amesema nisikukasirikie. Nami sikukasirikii tena, mama. Nimekusamehe."

Nilitazama mlangoni. Korbinian alikuwa amesimama pale, anaangalia viatu vyake.

Sikusema neno. Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu mkono wa Wally ulikuwa ndani ya wangu na nilijua nikifungua mdomo atautoa. Angesikia mama anayemrushia lawama mtu aliyemfunga mguu. Hivyo ndivyo ndugu yetu alivyonifunga, kwa msamaha wa mtoto wangu mwenyewe. Kunizika kwenye theluji kungekuwa nafuu. Nimeumia, Vinzenz, nimeumia kuliko siku nilipomzika mume wangu Alois, maana Alois hakukusudia.

Juu ya safari yako ya Februari. Njoo, usiache, kitanda chako cha zamani nimekiwekea godoro jipya. Korbinian amekuahidi kukupeleka mlimani, najua, ameniambia mwenyewe akifurahi. Usimfuate. Ile sukari itakuwa bado iko chini, haiondoki mpaka majira ya kuchipua hata theluji ikirundikana vipi juu yake. Tutapanda mimi na wewe na goti lako, polepole, msituni tu, na mbele nitakwenda mimi.

Na usimpigie Wally simu kumweleza. Sikuandikii uwe mjumbe wangu. Nilitaka tu mmoja wa damu yetu ajue, basi.

Jana asubuhi nilitoka mapema na kisu cha bustani. Nikakata matawi mawili ya msonobari nyuma ya zizi, nikayaweka moja juu ya jingine kwenye ule ujia wa theluji wa Korbinian, katikati ya nyumba yake na yangu. Kisha nikarudi ndani nikaweka kahawa motoni, kahawa yako, na nikasimama dirishani.

Alikuja saa yake. Alifika kwenye matawi akasimama. Mikono mfukoni, kofia masikioni, mdogo wetu. Alisimama muda mrefu mpaka nikafikiri atayaruka. Hakuyaruka. Aligeuka akarudi kwake, naye hakuinua kichwa kunitazama.

Matawi bado yako pale. Wally analetwa nyumbani Alhamisi, na ujia ule unapita chini ya dirisha la chumba chake. Yeye naye ni mtoto wa nyumba hii. Atayaona, ataniuliza ni nani aliyegeuka, na safari hii nitajibu.

Nisalimie shemeji Lourdes, umwambie mapishi ya maharage aliyonitumia nimeyaweza ila pilipili nimepunguza. Wasalimie wanao Tadeu na Irmgard, na yule mjukuu mpya ambaye jina lake bado linanishinda kulitamka. Shangazi Kreszenz anakusalimu sana, anasema ufike kabla hajafa, lakini amekuwa akisema hivyo tangu uondoke. Mungu awafunike, awape Noeli yenye amani zaidi ya yetu, na awajalie kila mnayemfuata awe amefika kweli.

Wako akupendaye, dada yako,

Burgl