Duara la Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu ya mama imepungua kuvimba. Mimi kiafya sijambo, ingawa usingizi umenipiga chenga wiki nzima.

Ujumbe wako niliupata. Uliuliza kama kweli tetemeko lile lilikuwa mbali nanyi, maana mmemrudisha mama ndani baada ya kusikia tangazo redioni. Ukanitania kwamba ninalipwa kusikiliza ardhi lakini nyumbani sisemi kitu. Nilicheka kidogo.

Kazi yetu iko hivi. Mtambo mmoja wa kupima mitetemo hutupa umbali wa tetemeko tu, si upande, kwa hiyo tunachora duara kwenye ramani. Sisi tuna mitambo miwili, na maduara mawili hukatana sehemu mbili. Duara la tatu, linaloamua sehemu ipi ndiyo yenyewe, hutoka ng'ambo ya mpaka. Wakubwa wa nchi hizi mbili waliponuniana, laini ya kupashana vipimo ikakatwa. Safari hii sehemu moja iliangukia ziwani, nyingine chini ya kilima chenu. Mkurugenzi wetu alikuna kidevu, akasema watu wasitiwe kiwewe bure, akachagua ziwani.

Nilishindwa kulimeza hilo. Ng'ambo yuko fundi mwenzangu tunayemwita Jirani. Hatujawahi kuonana, ila tumetaniana miaka mingi tukibadilishana vipimo. Nilimpigia kwa simu yangu. Alisema naye amekatazwa, tena ana watoto wadogo, lakini jambo hilo lilikuwa likimkereketa rohoni. Nikampa vipimo vyetu, akanipa vyake.

Ni kwenu, kaka. Na vitetemeko vidogo vinavyofuata vyote viko hapo hapo. Hakuna ajuaye kama kubwa linakuja, wala lini, lakini nyumba ile ina nyufa tayari na mimi naogopa.

Nilimpelekea mkurugenzi ramani yenye maduara matatu. Hakuuliza kilimani wanaishi watu wangapi. Aliuliza la tatu nimelipata wapi. Sasa nakuandikia nikiwa mahabusu, simu wamechukua, na askari mmoja mwenye huruma ameahidi kuituma barua hii. Utasikia kwamba nimeuza siri za nchi.

Najua ukisoma hadi hapa utakuwa umeshashika funguo za gari. Usije kwangu. Mpakie mama na godoro lake, umpeleke bondeni kwenye uwanja wa wazi, hata akikutukana njia nzima.

Nisalimie majirani wote, mlango kwa mlango, na uwaambie walale nje.

Mdogo wako,
Kimbelembele