Kamusi Iliyokatwa kwa Kisu cha Sabuni

Jumatatu, 2 Juni

Leo tena nimezunguka mji mzima kwa ajili ya neno moja. Nimechoka.

Neno lenyewe ni "cauldron". C iko kwangu, nikaliona haraka. Kamusi inasema ni "kettle" kubwa. Birika kubwa? Sikuridhika. K iko kwa Yusufu, nikaenda dukani kwao. Kule nikaambiwa "kettle" ni "vessel" ya kuchemshia. V iko kwa Limi, ng'ambo ya soko. Nikaenda kwa Limi. "Vessel" ni "container" yenye nafasi ndani. C. Yaani kwangu! Nikarudi nyumbani na vumbi hadi magotini, nikafungua: kitu cha kuwekea vitu.

Kumbe ni chungu. Chungu kikubwa. Kiko jikoni kwetu, mama anapikia makande.

Haya ndiyo matunda ya akili ya Yusufu. Sisi wanne tulichanga tukanunua kamusi moja, kisha tukagombana ilale kwa nani. Yusufu akasema, tugawane kama mche wa sabuni. Akachukua kisu cha kukatia sabuni pale dukani kwa baba yake na akaikata kweli. A hadi D mimi. E hadi L yeye. M hadi R Tabitha. S hadi Z Limi. Kipande changu bado kinanuka sabuni.

Sasa kuna shindano la maana za maneno kule Maswa, shule zikifunguliwa mwezi wa saba. Msimamizi anataja neno moja kwa kila herufi, kuanzia A, na mwenye herufi yake anasimama kueleza. Timu mbili za juu zinapewa kamusi, kila mshiriki na yake. Nzima. A mpaka Z katika jalada moja. Naitaka kuliko kitu chochote. Nataka kukaa kitandani na kutafuta neno bila kuvaa viatu.

Tatizo la pili: mwenye A ni mimi. Nitaanza mimi. Mtu ambaye hata kuitika jina darasani sauti inakwama.

Jumatano, 4 Juni

Hasira.

Nimekwenda kutafuta "glue" kwa Yusufu. Ukurasa haupo. Nikamuuliza. Akajikuna kichwa. Mteja alitaka karanga, karatasi za kufungia zilikuwa zimekwisha.

"Kabula, si ukurasa mmoja tu! Na neno la mwisho lilikuwa goat, mbuzi. Mbuzi namjua bila kamusi."

Tabitha alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Mtu fulani wa Bariadi amekula karanga juu ya maneno yetu, akakunja karatasi na kuitupa. Nimemwambia Yusufu ni mjinga, ila moyoni tu. Nililirudia neno hilo njia nzima. Mdomoni nilisema tu "sawa".

Ijumaa, 6 Juni

Shule zimefungwa. Jioni nimekwenda kwa Limi na swali la S. Mjomba wake, anayeishi naye, akaniambia kaondoka. Kaondoka lini? Mchana. Kwenda wapi? Kwao Sola, pamba imepasuka, baba yake kamwita.

Kipande je?

Mjomba hajui kipande. Anajua kwamba Limi alibeba begi.

Kaondoka na S hadi Z. Bila kuniaga. S peke yake ni nene kuliko herufi zangu zote.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimemwomba mjomba wa Limi simu. Limi kapatikana. Nyuma yake kulikuwa na upepo na watu wanaongea Kisukuma.

Nimemuuliza kipande kiko wapi. Kasema kipo. Nimemuuliza anasoma? Kasema saa ngapi. Kisha kasema baba amesema harudi Bariadi hadi pamba iishe. Pamba itaisha lini? Itaisha ikiisha. Huenda mwisho wa mwezi wa saba.

Shindano litakuwa limepita.

Mwalimu Doto, anayetusimamia, anasema tumbadilishe Limi. Tumbadilishe na nani? Kila mmoja wetu amekariri herufi zake tu. Niulize "bucket" nitakueleza. Niulize "spoon" nitakutazama. Ndivyo tulivyojifunza, kama watu waliogawana ng'ombe, huyu paja, huyu kichwa. Hakuna shule nyingine yenye upumbavu huu. Na tunahitaji watu wanne, pamoja na herufi zote.

Nimekasirika na Limi. Kisha nimejikasirikia, kwa sababu katika simu nzima sikumuuliza habari za nyumbani.

Jumanne, 17 Juni

Imeamuliwa tutakwenda Sola kuzungumza na baba yake. Mwalimu Doto amepiga simu kwa wazazi wetu, wamekubali. Lori la baba mdogo wa Yusufu linapita kule likiwa tupu kwenda kubeba pamba, litatuacha njiani.

Nani ataongea? Tabitha kasema yeye hapana, anaogopa wazee wasiocheka. Yusufu kajitolea. Sote wawili tukapiga kelele hapana. Kwa hiyo ni mimi. Sababu yao: "Kabula una adabu."

Si adabu. Ni woga. Watu hawajui tofauti.

Nimeandika hotuba. Nimeifuta. Nimeandika nyingine.

Alhamisi, 19 Juni

Sola. Naandikia nje, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba ya akina Limi. Mikono inauma.

Tulifika jua limeshapanda. Baba yake Limi, Mzee Masunga, alikuwa amekaa juu ya marobota ya pamba. Nikapiga goti, nikasema mwangaluka, salamu yao ya asubuhi. Akaitika taratibu. Akauliza mimi ni ng'wana nani, yaani mtoto wa nani, mama anatoka wapi, mvua kwetu ilikuwaje, ng'ombe wapo? Nikasema hatuna ng'ombe, mama ni fundi cherehani. Akasikitika kidogo kwa ajili yetu. Salamu ilikuwa ndefu. Ilipokwisha, hotuba yangu yote ilikuwa imetoka kichwani.

"Haya, mayu. Sema."

Aliniita mayu, mama, kama mtu mzima. Nikasema kuna shindano. La maneno. Limi ana herufi.

"Ana nini?"

"Herufi, baba. S mpaka Z."

Akatazama shamba. Limekwenda mbali, jeupe. "Sasa Limi akienda kusema hizo herufi zake, hii pamba itajivuna?"

Nilitakiwa kusema jambo kuhusu elimu. Nililiandika. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Tutavuna sisi."

Nyuma yangu Yusufu akanong'ona, "Sisi nani?"

Mzee alimsikia. Akacheka, mara ya kwanza. Akasema kama tutavuna upande wote wa chini mpaka kwenye mkorosho, leo na kesho, Limi ataruhusiwa kurudi Bariadi shule zikifunguliwa, na kwenda Maswa. Kama hatufiki, aibu yetu.

Limi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Amekonda. Jambo la kwanza nililomuuliza, Mungu anisamehe, ni kipande kiko wapi.

"Umekuja kuchukua Z yako?" akasema.

Nilitaka kusema nimekuja kwa ajili yako. Nikasema, "Na S pia."

Hajaongea nami tena siku nzima.

Ijumaa, 20 Juni

Sijui kwa nini watu wanasema pamba ni laini. Pamba yenyewe ni laini. Ganda lake lina ncha, linachoma chini ya kucha. Kidole changu cha shahada kimevimba.

Nimeudhika na kila mtu. Tabitha anavuna kama anachagua dengu. Yusufu anavuna haraka, na tulimsifu, hadi saa sita Mzee Masunga alipomwaga kiroba chake chini. Pamba nyeupe inatakiwa kuwa peke yake, na ile yenye madoa na takataka, wanayoiita fifi, peke yake. Yusufu aliweka zote pamoja. Karibu nusu ilikuwa fifi.

"Wewe mtoto wa duka," mzee akasema, "kwenu mnachanganya mchele na mawe?"

"Hapana, mzee."

"Basi kaa hapo uchambue."

Akakaa. Donge baada ya donge, jua la mchana likimpiga. Ikabidi sisi wengine tugawane mistari yake. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Tusingefika kwenye mkorosho.

Ndipo Limi, kwenye mstari wa pembeni, bila kunitazama, akataja neno kwa Kiingereza. "Bucket", ndoo. Lile langu la B. Nikalieleza. Akataja jingine. Kisha nikamtajia la S, nikibahatisha tu, nalo akalieleza. Kumbe amesoma. Kumbe kila siku baada ya kuvuna alikuwa anasoma, kwenye simu aliona aibu kusema hivyo kwa sababu baba yake alikuwa karibu. Tabitha akajiunga. Yusufu akawa anapiga kelele maana za H kutoka kwenye rundo lake la fifi. Dada wakubwa wa Limi wakaanza kutuuliza kwa Kisukuma yale maneno ni nini, na tukilieleza neno wanalisema wao kwa Kisukuma, na mara nyingi la kwao lilikuwa fupi na zuri zaidi.

Hatukufika kwenye mkorosho. Ilibaki mistari michache. Mzee alikwenda kuitazama, mikono nyuma. Aliporudi akasema mkorosho ule yeye huwa anauona karibu zaidi kila mwaka, kwa hiyo Limi aende.

Nilimwambia Limi, wakati tunanawa, kwamba nilikuja kwa ajili yake. Niliongea chini sana. Akasema, "Najua. Ila uliuliza Z kwanza."

Ijumaa, 11 Julai

Limi yupo Bariadi. Tunasoma kila siku, vipande vinne juu ya mkeka mmoja. Kesho ni Maswa. Yusufu kaniambia nikiogopa niwatazame watu vichwa vyao, nifikirie ni vitunguu. Ushauri wa kipuuzi. Sitalala.

Jumamosi, 12 Julai

Tumerudi. Nitaandika yote kabla sijasahau.

Shule ya shindano iko Binza, hapohapo Maswa. Ukumbi umejaa. Msimamizi akasema A, nikasimama. Akataja "ache". Nalijua. Ukurasa wa kwanza wa kipande changu, kushoto, chini. Nauona mpaka sasa. Maneno yake yakakataa kutoka. Maumivu yasiyo makali, yanayoendelea, ndivyo kamusi inavyosema, na kwa Kiingereza sikuweza kuanza hata neno la kwanza.

Mtu mmoja nyuma akakohoa kwa makusudi.

Nikamwona Limi amejishika kiuno, vile tulivyokuwa tukijishika kule shambani. Sijui kama alifanya kusudi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ni kile mgongo wako unachokuambia jioni, baada ya kuvuna pamba tangu asubuhi.

Ukumbi mzima ukacheka, lakini vizuri. Nani mle hajavuna pamba? Msimamizi mwenyewe alijishika mgongo. Akatupatia alama.

Baada ya hapo sikumbuki B, C na D. Wananiambia nilijibu. Yusufu alikosa J. Tabitha hakukosa hata moja, akarudi kukaa kama malkia. Limi alikwenda vizuri S, T, U, V, W. Kisha X. Akakosa.

"X ina maneno matano tu," alituambia nje, amekasirika. "Nikaiacha. Nani anauliza X?"

Wameuliza X. Tumekuwa wa pili. Shule ya kwanza imepata kikombe na kamusi. Sisi kamusi bila kikombe. Yusufu anasema kikombe hakina maana ya neno lolote ndani yake.

Ninayo. Nzima. Ni nzito. Hainuki sabuni.

Jumanne, 22 Julai

Leo nimetafuta "cotton". Inasema nyuzi nyeupe, laini, za mmea. Hakuna fifi. Hakuna ganda chini ya kucha.

Nikatafuta "fibre". Ilikuwa palepale, mbele kidogo katika jalada lilelile. Kisha "thread". Kisha nikamaliza. Sikuvaa viatu.

Kila mtu ana ya kwake sasa. Wiki nzima hakuna aliyebisha hodi. Yusufu yuko dukani. Tabitha yuko kwaya. Limi nilimwona shuleni, tukasalimiana, kengele ikalia.

Nilikaa kitandani na kamusi magotini. Nyumba ilikuwa kimya, mama peke yake na cherehani. Nilikuwa na kila neno na hakuna wa kubishana naye.

Jioni nikavaa viatu. Nikachukua kile kipande cha zamani, A hadi D, nikapita soko. Limi alikuwa anafagia nje kwa mjomba wake. Akaniona. Akaangalia mkononi mwangu.

Hakuuliza kamusi mpya iko wapi. Aliegemeza fagio ukutani, akaingia ndani, akatoka na S hadi Z.

Tukakaa kizingitini.

"Haya," akasema. "Neno gani?"

Sikuwa na neno. Tukaanza na X.