Pampu ya Tatu

Kwako Kaka,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, na ukishazipokea unipe habari za afya yako, za wifi na za watoto. Je, kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha? Sisi huku tunaendelea vizuri. Mama magoti humsumbua asubuhi tu, jua likipanda anasahau kwamba yanauma. Mimi bado niko pale pale kwenye duka la dawa, nauzia watu dawa za usingizi huku mwenyewe nasinzia. Habari za Baba nitakupa, usiwe na haraka.

Najua mazoea yako. Barua ya nyumbani huianzia mwisho, uone kwanza unaombwa nini, ndipo urudi juu kwenye salamu. Safari hii anzia mwanzo kama watu wengine, maana huko mwisho sikuombi hata senti.

Barua yako niliipata, na ukali wake pia niliupata. Umeuliza imekuwaje ulipie pampu ya petroli ya gari kuukuu mara mbili, tena mara ya pili kwa bei ya kununulia ng'ombe. Umesema gari lipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, Baba apande basi kama wastaafu wenzake, na kwamba Fundi Breki ametuona mabwege. Wewe ndiye mkubwa wetu. Ukisema liuzwe litauzwa, wala sitakuwa na la kukupinga. Ila nisikilize kwanza.

Nianze na fundi, kwa sababu umemsingizia. Unakumbuka jina la Breki lilitoka wapi. Baba alipokuwa akimfundisha udereva, katika gari hili hili lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu, yeye alikuwa akikanyaga breki hata mfuko wa plastiki ukikatiza barabara. Leseni aliyo nayo aliipata kwa uvumilivu wa Baba, na mpaka leo akimwona huzima sigara. Mtu wa namna hiyo hawezi kutuibia. Hii mara ya pili hata ujira wake hakutaka, ulicholipia ni pampu tu.

Na pampu yenyewe si kitu cha kufungua boneti ukachomoa. Imezama ndani ya tanki, na ili kuifikia lazima tanki zima lishushwe. Ile ya asili ilikufa njiani kuelekea sokoni: gari lilikohoa, likakohoa tena, likanyamaza. Kwa pesa zako za kwanza tulinunua ya mtumba, nami nikajiona mjanja wa kubana matumizi. Haikumaliza mwezi. Rahisi ni ghali, nikajisemea, na nilidhani habari imeishia hapo.

Lakini Fundi Breki aliziweka zote mbili juu ya meza, akazigeuzageuza, kisha akasema zimekufa kwa ugonjwa mmoja. Alitueleza kwamba pampu ya aina hii hupozwa na petroli yenyewe inayoizunguka. Tanki likikaa karibu tupu siku zote, pampu hupata moto mpaka inaungua. Akauliza kwa adabu ni nani anayetia mafuta gari hili. Mimi nilimtazama Baba, nikijua ubahili wake. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

Pampu mpya iliagizwa, ikachelewa. Kila asubuhi nikienda kazini Baba alinisindikiza mpaka gereji. Alikuwa akifika anauliza bei. Akiambiwa, anashika kichwa: pampu tu, au mnaniuzia na kisima chake? Basi wanaanza kuvutana bei, Fundi anashuka kidogo, Baba anapanda kidogo, mwisho wanashikana mikono, Baba anaondoka amefurahi. Siku ya kwanza nilicheka. Kesho yake alifika akauliza bei. Akashika kichwa. Akasema maneno yale yale ya kisima, na Fundi akaanza upya kuvutana naye, hatua kwa hatua, bila kumwambia hata mara moja kwamba, Mwalimu, haya tulishapatana jana. Vijana wa gereji walikuwa wakicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanainama kwenye kazi zao.

Jioni moja Mama alikuwa anapiga pasi, nami nikamuuliza kwa nini siku ile alitazama viatu vyake. Hakuzunguka. Alisema Baba aliwahi kutoka kwenda kununua balbu, akapatikana jioni katika mji wa pili, ameegesha mbele ya shule aliyokuwa akichukulia wanafunzi wake zamani, anamngojea mwanafunzi. Alikuwa ametulia kabisa, ila amekasirika kidogo kwa kucheleweshewa somo. Kumnyang'anya ufunguo Mama hakuweza. Aliniambia, "Ukimnyang'anya yule ufunguo, umemnyang'anya na jina." Basi akashika pesa ya mafuta yeye, akawa anampa ya kumfikisha sokoni na kumrudisha, isizidi. Alitaka asiweze kupotea mbali. Pampu mbili zimeungua kwa ajili hiyo, Kaka, na hizo ndizo gharama ulizokuwa ukiuliza.

Kwa hiyo lililobaki umekwisha kulielewa. Nilipokuwa nakuandikia kwamba Baba hajambo, mwili ndio uliokuwa haujambo. Kumbukumbu zinamtoka. Nami niliziona dalili kabla Mama hajasema, nikawa naziita uzee. Mama alinikataza kukuandikia, akihofia utakuja kumchukua umweke kwenye chumba chako cha juu, asijue mlango wa kutokea uko wapi. Leo nimevunja amri yake, na akijua atanichukia kwa siku chache.

Pampu ya tatu ilipofungwa, nilikuwa na hofu kuliko furaha. Sasa tanki linatakiwa lijazwe, na tanki likijaa Baba anaweza kufika popote. Fundi Breki akaketi kwenye usukani kulijaribu gari. Baba alisimama, akalitazama, akazunguka upande wa pili bila kuambiwa na mtu. Akaketi kiti cha mwalimu, akafunga mkanda, akaweka mguu juu ya ile breki yake. Akamwambia Fundi arekebishe kioo kwanza, haraka ya nini. Wakazunguka mji mzima, na Baba aliporudi alikuwa amenyooka mgongo.

Tangu siku ile dereva ni mimi. Usicheke. Mimi niliyeshuka garini siku ya somo la kwanza nikaapa sitarudi, sasa kila asubuhi kabla ya kazi najifunza. Tanki linajaa, na ufunguo uko kwa mwanafunzi, jambo ambalo Baba anaona ni la haki. Somo huwa ni lile lile la kwanza: kiti, kioo, mkanda, gia huru. Hasahau hata moja. Naona sasa naweza kufundisha.

Siku nyingine ananijua. Wiki iliyopita hakunijua. Tulipokuwa tunakaribia njia panda alinisifu kwamba mikono yangu imetulia, kisha akaniambia ana binti yake mwenye akili sana ila anaogopa gari. "Nilimkaripia siku ya kwanza," akasema, "akashuka. Kosa lilikuwa langu. Yule ningempata tena ningemfundisha polepole." Machozi yakanitoka, nikawa sioni barabara. Mguu wake ukakanyaga breki taratibu, gari likasimama bila hata kushtuka. Akasema, "Mwanafunzi, ukitaka kulia, egesha pembeni kwanza. Halafu lia mpaka uridhike."

Nikaegesha pembeni, Kaka. Nikalia mpaka nikaridhika, naye akaningoja.

Sasa amua juu ya gari. Kama bado unasema liuzwe, niandikie, nami nitakuamini kwamba umefikiri.

Wasalimie wote hapo nyumbani kwako, mmoja mmoja. Mama anakusalimu, ingawa hajui nimekuandikia nini. Baba naye nimemwambia sasa hivi kwamba barua ni yako. Amekutaja kwa jina, mara moja, bila kusita. Ameniagiza nikuambie ukiwa unakuja ujaze tanki kabisa, maana barabara ya huku ni ndefu.

Ni mimi mdogo wako,
mwanafunzi wa Baba.